Moyo wa Mzee, Simu ya Mkwe

Mosocho,
3 Februari 2025

Kwako Tata, baba wa mume wangu,

Salamu nyingi kutoka Mosocho. Mimi na Sharon tu wazima, isipokuwa mgongo wangu umekataa kunyooka tangu msimu wa sare za shule. Mwaka huu wazazi wote wa Mosocho waligundua siku moja kwamba watoto wao wamekua, wakaja kwa cherehani yangu kwa pamoja. Mwanao Momanyi alipiga simu kutoka Lodwar. Barabara wanayojenga haiishi, na anasema huko hata kivuli kina joto.

Sasa Tata, utashangaa kuandikiwa barua wakati simu zipo. Siku ulipotoka wodini, yule nesi Natasha alitaka namba ya simu ya mgonjwa. Ukamwambia yako imepasuka kioo, inapokea sauti tu, maandishi hayaonekani. Mama alikuwa ametoka kununua uji. Nikataja yangu, nikidhani ni ya kupigiwa siku ukisahau kliniki. Kumbe wameiingiza kwenye mashine ya kuwasaidia wagonjwa wa moyo wapone wakiwa nyumbani! Kila siku ujumbe unaingia, na mashine inaamini kabisa kwamba mimi ndiye Manasseh Ochoki.

Kukupigia nikusomee siwezi. Wiki ya kwanza tu imeuliza kama miguu imevimba na kama choo ni kigumu. Mimi mkaza mwana nimwulize baba mkwe habari za choo, kwa mdomo? Chinsoni zetu, zile haya za mkwe na baba mkwe, zitaenda wapi? Tangu niolewe hata mkono hatupeani. Lakini karatasi haina macho. Nitanakili niwezavyo, nimpe Ondieki wa lori la ndizi kila akija huko Magwagwa kupakia.

Haya, mashine inasema hivi: kunywa dawa kila asubuhi bila kuruka. Punguza chumvi. Tembea kidogo kila siku, uongeze polepole. Kila jioni inauliza, "Ochoki, umekunywa dawa leo? Jibu 1 kwa ndiyo, 2 kwa hapana." Najibu 1, kwa sababu najua wewe ni mtu wa kufuata kanuni.

Msalimie Mama sana.

Ni mimi mkweo,
Kemuma, mama Sharon


Magwagwa,
16 Februari 2025

Kwa Mama Sharon, mke wa mwanangu,

Nimepokea barua yako ikiwa na harufu ya ndizi mbivu na alama ya kiatu cha Ondieki, lakini inasomeka. Hapa kwetu hatujambo. Ng'ombe mweusi amezaa dume, hasara tupu. Majani chai yanachipuka vizuri. Mama yako Nyakerario ni mzima, na mdomo wake ni mzima zaidi.

Nimesoma maagizo. Nikiwa karani mstaafu wa kituo cha majani chai, nimeandika na kupokea barua miaka mingi, na sijawahi kuona utovu wa adabu kama huu. Huyo anayeandika ni wa ukoo gani? Haamkii, hajitambulishi, hata "bwakire buya" hana. Anaingia moja kwa moja kwenye miguu ya mtu! Tafadhali mjibu hivi kwa niaba yangu, usipunguze neno:

"Ndugu Mwandishi, nimepokea ujumbe wako na nashukuru. Sisi hatujambo, sijui wewe na watu wa nyumbani kwako. Miguu haijavimba. Kutembea natembea, kwani Sabato nakwenda kanisani kwa miguu na kurudi. Kuhusu choo, hilo nadhani halikuhusu. Wako mtiifu, M. Ochoki."

Chumvi ni vita. Mama yako ameanza kunipikia mboga za maji matupu, nami nikiona mzee mwenzangu Omosa anapita njiani namfuata kwake kula kama binadamu. Usimwandikie nesi hilo.

Dawa zinaendelea vizuri. Kitanda changu nimekihamishia sebuleni kwa sababu ya hewa. Moyo unataka hewa.

Wako,
Baba Momanyi


Mosocho,
2 Machi 2025

Kwako Tata,

Pokea salamu na soksi mbili ambazo Sharon amekufumia. Najua moja ni ndefu kuliko nyingine, yeye anasema atairekebisha miguu yako ukija. Shuleni amekuwa wa nne. Momanyi anasalimia.

Ile salamu yako niliiandika yote kwenye simu, Tata, kidole kikaniuma. Mashine ikajibu papo hapo: "Jibu halijaeleweka. Tuma 1 au 2." Nikafikiri labda haijaona heshima ya mwisho, nikarudia "Wako mtiifu" peke yake. "Jibu halijaeleweka." Basi nikaachana nayo. Haina wazazi, tusiilaumu.

Za majuzi ni hizi. Jumapili: epuka sigara na pombe, ambavyo wewe hutumii, kwa hiyo hapo tumeshinda. Jumatatu: ukisikia maumivu kifuani, nenda hospitali mara moja, usingoje asubuhi. Jumanne: ujumbe ulikuja wakati nampima mwalimu mmoja kiuno, nikausoma, futi ikaniponyoka. Huo sikuuelewa vizuri. Mtandao ulikuwa mbaya. Tuuache. Wa Jumatano ni mzuri sana, unahusu mboga.

Nimekuwekea na pakiti nyingine ya dawa humu kwenye mfuko wa soksi. Na hiyo hewa ya sebuleni, Tata, si kuna dirisha pia chumbani?

Ni mimi,
Kemuma


Magwagwa,
23 Machi 2025

Mama Sharon,

Salamu kwako na kwa fundi wa soksi. Nazivaa. Ile ndefu naikunja.

Mvua imeanza vizuri. Ndama anakua. Mama yako hayupo, amekwenda Nyakoe kwa kaka yake kupalilia mahindi. Sikumfukuza. Alisema mwanamume anayehamisha kitanda bila kutoa sababu ana jambo lake. Nikamwambia sababu ni hewa. Akasema hewa hiyo ina jina na pengine inavaa sketi. Ati nina msichana! Mimi! Na hali hii! Hali gani, usiniulize. Sasa najipikia mwenyewe, na chumvi imerudi mezani bila vita.

Nina malalamiko. Mimi ni karani, karatasi hainipiti. Umeniandikia Jumapili, Jumatatu, Jumatano. Jumanne iko wapi? Mtu anayesoma ujumbe mpaka futi inamponyoka ameuelewa.

Na usitume dawa nyingine. Zilizopo kabatini zinatosha kufungua duka.

Nikipanda ule mlima wa kituo siku hizi nasimama mara kwa mara kuangalia mazingira. Mazingira ni mazuri.

Wako,
Baba Momanyi


Mosocho,
1 Aprili 2025

Kwako Tata,

Nakuamkia kwa heshima. Sharon ni mzima. Mimi si mzima, roho iko juu juu tangu Ondieki aniletee barua yako.

Kabati limejaa vipi? Dawa nilizotuma zilipaswa kuwa zimekwisha. Nilikaa kwenye cherehani nikaisoma barua yako upya, na ile ya Februari. Uliandika "dawa zinaendelea vizuri." Hukuandika kwamba unazinywa! Na mimi hapa kila jioni najibu 1, 1, 1, kama mjinga.

Jana mashine ilipouliza nikajibu 2. Simu ikalia hata sijaiweka chini. "Hujambo Mzee Ochoki?" Alikuwa nesi Natasha mwenyewe. Nikamweleza mimi si mzee, mimi ni mkwe wa mzee. Tata, amenitisha. Amesema dawa hiyo haiachwi ghafla. Ukiiacha, ule mshtuko wa moyo unaweza kurudi, na safari hii usikupe nafasi ya kufika wodini. Na huko kusimama mlimani si kuangalia mazingira.

Nikampa namba yako, na baadaye akaniambia alijaribu kukupigia. Alipotaja tu "mambo ya nyumbani na mkeo", ukamwambia amekosea namba, hapo ni kwa fundi wa baiskeli. Tata, jameni!

Nimempigia Momanyi aongee nawe kiume. Akasema, "Baba yangu? Mimi? Kuhusu hayo?" Kisha akasema mtandao unapotea, na nilimsikia vizuri kabisa akikata.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Niambie basi, umeacha kwa nini?

Ni mimi,
Kemuma


Magwagwa,
6 Aprili 2025

Mama Sharon,

Salamu. Ndama ni mzima.

Dawa hizo hazipatani nami. Sababu ni yangu na nitakwenda nayo. Baba yangu aliishi bila dawa na bila mashine, akafa akiwa mtu mzima anayeheshimiwa nyumbani kwake. Mwambie nesi ampigie mtu mwingine.

Barua za namna hii zikome. Ukiandika, andika habari za Sharon na za sare.

M. Ochoki


Mosocho,
11 Aprili 2025

Kwako Tata,

Shikamoo. Leo salamu zangu ni fupi, unisamehe, nikizirefusha nitapoteza ujasiri. Sharon nimempeleka kwa jirani, mlango nimeufunga, na uso nimeuosha mara ngapi sijui.

Nesi Natasha alipiga tena. Aliniuliza, "Ule ujumbe wa mambo ya ndoa, mzee aliusoma?" Nikakiri kwamba niliuruka. Akasema wanaume wengi wanaacha dawa kwa sababu hiyo hiyo, na hakuna anayesema, ndiyo maana waliuweka kwenye mashine. Hapo nikaelewa kitanda, nikaelewa hewa, nikaelewa Mama kwenda Nyakoe. Dawa yako ilikuwa kwenye simu yangu tangu Jumanne ile, na mimi nimeikalia kwa sababu ya haya.

Sasa nanakili. Nanakili neno kwa neno, na ninaomba uusome ukiwa umekaa:

"Ochoki, baadhi ya wanaume wanaotumia dawa za moyo huona nguvu zao za tendo la ndoa zimepungua. Jambo hili ni la kawaida na lina msaada. Usiache dawa. Mwambie nesi, dawa inaweza kubadilishwa. Ukiweza kupanda ngazi bila kukosa pumzi wala kuumwa kifua, unaweza kuendelea na mke wako bila hofu. Zungumza naye."

Basi. Nimeandika. Kwa Ekegusii nisingeweza, kalamu ingekataa. Kiswahili ni lugha ya shule na ya hospitali, maneno yake hayakulelewa nyumbani kwetu, kwa hiyo nimeyatuma yenyewe kama mgeni anavyotumwa kusema jambo zito. Najua hata hivyo mkaza mwana hasemi haya kwa baba mkwe kwa lugha yoyote. Kama nimevunja chinsoni, niite mbele ya wazee. Nitakuja, nitapiga magoti, na kuku wa kosa langu nitamleta mwenyewe.

Lakini Tata, baba yangu mzazi alikufa akisema "ni tumbo tu." Tulimwamini kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwuliza zaidi. Nilimlilia mpaka nikakauka. Wewe ndiye baba niliyebaki naye. Nitaaibika, sawa. Kukuzika sitaki.

Kunywa dawa. Nenda kliniki. Nakuomba.

Kemuma


Magwagwa,
18 Mei 2025

Kwa Mama Sharon,

Salamu kutoka kwangu, na kutoka kwa Mama yako aliyerudi kutoka Nyakoe akiwa na gunia la maharagwe na maneno mengi. Mvua imezidi. Majani chai yanachumwa mpaka vidole vinauma. Najua nimekaa kimya, na najua kimya changu kimekutesa. Nilihitaji muda.

Barua yako niliisomea chooni, mlango umefungwa kwa komeo. Nikaisoma tena. Nikatoka nikiwa na hasira ya kuchoma nyumba. Nilisema moyoni, huyu mtoto amenivua nguo na kunisimamisha sokoni Magwagwa siku ya soko! Nikavaa koti nikaenda kwa Omosa, maana yeye ndiye tunayemfuata kwa mambo ya chinsoni, anihukumie.

Sikumwambia ni mimi, mpumbavu si mimi. Nikamwambia kuna mtu fulani, si wa huku, ni wa mbali, ambaye mke wa mwanawe amemwandikia barua yenye mambo mazito ya mwilini. Je, huyo mwanamke atozwe nini? Omosa akakunja uso. Akasema kosa ni kubwa sana. Kisha akauliza, kwa ajili ya kupima ukubwa wa kosa, barua yenyewe ilisema nini?

Nikamweleza. Dawa, nguvu, nesi, yote.

Omosa aliisahau chai yake mpaka ikaingia inzi. Kisha akainuka, akaenda kufunga mlango, akarudi akaniuliza kwa sauti ndogo: "Huyo mtu wa mbali, barua anayo bado? Anaweza kuniazima?"

Mama Sharon, Omosa ni mzee wa kanisa. Aliacha dawa zake za presha kabla ya Krismasi. Anazitupa kwenye shimo la mbolea, na anasema hata ile migomba imenyong'onyea. Mke wake anajua anazinywa. Wanawe wanajua anazinywa. Tulikaa pale wazee wawili, kila mmoja akijiua peke yake kwa heshima, na nyumba zetu zinatazamana! Nikatoa barua mfukoni. Aliisoma midomo ikicheza, kisha akasema, "Basi kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," nasi tukacheka mpaka mke wake akagonga mlango kuuliza kama kuna mgonjwa. Omosa akamjibu, "Wapo wawili." Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema ukweli.

Kesho yake tulikwenda kliniki. Nesi Natasha ni msichana mdogo, Omosa alitaka kurudi nyumbani alipomwona. Nikamsukuma ndani. Nesi alituuliza yote bila kupepesa macho, nasi tukamjibu kwa Kiswahili, ulivyosema ni kweli, kinasaidia. Alinikemea kwa kuacha dawa, daktari akanibadilishia, nami nanywa kila asubuhi Mama yako akiwa amenisimamia. Mlima wa kituo sasa naupanda nikisimama mara moja tu, tena kumsubiri Omosa.

Mama yako nilimwambia sababu ya kitanda. Nilidhani atacheka. Alilia, akanipiga kofi la mgongo, akasema mimi ni mjinga na kwamba angenipenda hata ningekuwa gogo. Hayo mengine yaliyofuata hayaandikwi, hata kwa Kiswahili.

Kuhusu kesi yako, hukumu imetoka. Omosa amesema kuku atolewe, lakini na mimi, kwa sababu nilimwachia mtoto abebe nilichoogopa kubeba. Kuku anakuja na Ondieki, amefungwa miguu, ni yule mtetea mwekundu. Usimlee, mle.

Mwanangu, sikuogopa kufa. Niliogopa kubaki hai nikihesabiwa miongoni mwa waliokwisha. Hilo sikuweza kumwambia mke wangu, wala Momanyi, wala Mungu. Umelisema wewe, mtu ambaye hata mkono wangu hujawahi kuushika, na sijui nitakushukuruje.

Ungeshika adabu yako yote, leo watu wangekuwa wamekaa uani kwangu kwenye matanga wakikunyooshea kidole: tazameni mkwe mwenye heshima, hajawahi kumwaibisha mzee wake hata siku moja. Nami ningekuwa pale karibu na migomba, chini, siwasikii.

Mimi baba yako,
Manasseh Ochoki